Mizizi Niliyomnywesha Tatu

Mwenzangu uliyeambiwa ini lako lina kasoro, sogea hapa tuongee. Mie sijasoma, niliishia darasa la nne, kwa hiyo nasema kwa mdomo na mwanangu Rehema ndo anaandika. Nakutahadharisha mapema kwamba napenda kuongea na nimechoka, vyote viwili kwa pamoja. Ugonjwa wa ini unaondoka lakini uchovu wake unabaki, kama mgeni aliyeaga tangu asubuhi na bado kasimama mlangoni anasimulia. Basi nikipumzika katikati univumilie.

Naitwa Bi Chiku. Napika supu Kariakoo, upande wa kuelekea Gerezani, tangu huyu Rehema ananyonya. Supu ya ng'ombe, makongoro na chapati. Wateja wangu ni wabeba mizigo, mafundi wa spea na wenye maduka, watu wa kuamka mapema. Ubavuni kwangu anakaa Tatu, anauza madera na mitandio. Huyo si ndugu yangu wa damu lakini akinikosa siku mbili anapiga simu kuuliza nimekufa au nimemkasirikia. Tumezika waume mwaka mmoja, yeye Rajabu, mie Shaabani. Mtaani wanatuita chanda na pete, ingawa hatujawahi kukubaliana nani chanda.

Nilianza kuumwa wakati wa vuli. Siwezi kukuonyesha niliumwa wapi maana hapakuwa na mahali panapouma. Nilikuwa nachoka tu. Nasukuma chapati tano, nakaa. Nakoroga sufuria, mkono unakuwa mzito kama si wangu. Tatu akawa ananitania.

"Chiku, una mimba nini?"

"Ya nani, ya marehemu?"

Tukacheka mpaka mteja akauliza kama supu yake imetoroka. Lakini Rehema hakucheka. Alinitazama ninavyojishika meza kusimama, kesho yake akanivalisha baibui akanipeleka hospitali.

Kama hujakaa kwenye benchi la kliniki ya ini, utalikalia, kwa hiyo nikueleze. Ni benchi la mbao, limesuguliwa na makalio ya watu mpaka linang'aa. Hapo hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Wanauliza, "We namba ngapi?" Ukisema thelathini na moja, wanakuonea huruma kuliko ungesema unakufa. Palikuwa na mzee mmoja tumbo limejaa maji, amelikumbatia kama tikiti alilonunua sokoni anaogopa litaibiwa. Nikamtazama nikasema moyoni, mie bado sijafika hapo. Kila mtu kwenye lile benchi anamtafuta mwenzake wa kumwambia hivyo.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtu wa kule Moshi, amevaa miwani. Alinipa shikamoo kabla sijakaa. Akasema, "Bibi, una homa ya ini, hii ya virusi. Umekaa nayo miaka mingi bila kujua." Akasema ini limeanza makovu. Akaniandikia kidonge, kimoja kwa siku, maisha yangu yote. Rehema na watoto wake wakapimwa, wakakutwa salama, wakachanjwa. Hapo nililia kidogo, kwa raha.

Nikamuuliza, "Sasa ini langu litapona?"

"Ini lina tabia nzuri, bibi. Likiachwa lipumue, lenyewe huwa linaota tena. Ila taratibu."

Neno hilo la kuota lilinikaa. Nyumbani nililala naliwaza, ini linaota kama mchicha uliokatwa. Nikamuuliza siku nyingine, hakuna cha kuliharakisha? Akasema, "Muda, bibi." Muda! Mie ni mpishi. Chungu kikichelewa, mpishi haombi muda, anaongeza kuni.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, si kwa mtu mwingine, kwangu mie.

Kariakoo Wachina ni wengi, hilo unajua, na mtaa wa pili kutoka kwangu palikuwa na duka la mama mmoja wa Kichina anauza dawa za kwao. Watu walimwita Mama Salama kwa sababu kila aliyepita, yeye alimuuliza "Salama?" na hakumwachia mpaka ajibu. Kiswahili chake ni cha Kariakoo hasa, akikugombeza unatafuta pa kujificha. Jumamosi alikuwa anakuja kunywa supu kwangu, bila pilipili, limao nyingi. Kiangazi kilipoanza nikaenda dukani kwake. Madroo ukuta mzima, harufu kama ya kabati la bibi harusi wa zamani. Akanikalisha, akatazama ulimi, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akanyamaza kama anasikiliza redio ya mbali.

"Hospitali wamekupa dawa?"

"Wamenipa kidonge."

"Usiache kidonge. Daktari wako umwambie umekuja kwangu."

"Sawa."

Akanifungia mizizi myeusi kwenye karatasi. Akasema, maji ya kwanza mwaga. Ya pili chemsha polepole, kunywa kikombe cha kahawa kimoja asubuhi. Wiki mbili tu, halafu rudi nikuone. Nikasema sawa, sawa, sawa. Nilisema sawa nne siku ile na sikutimiza hata moja isipokuwa ya kidonge.

Maana umwambie mpika supu amwage maji ya kwanza! Miaka yote hii nawafundisha wasichana wanaonisaidia kwamba maji ya kwanza ndo yamebeba kila kitu, anayeyamwaga anamwaga mnyama mzima na kubaki na mifupa. Nikasema Wachina wana mengi wanayoyajua lakini kuchemsha hawanifundishi. Nikaitia ile mizizi kwenye sufuria ndogo, pembeni ya sufuria ya makongoro, nikaiacha itokote tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Ikatoka nyeusi, nzito, chungu ya kukunja uso. Nikafurahi. Uchungu mkali ndo dawa, si ndivyo tulivyolelewa? Sikunywa kikombe cha kahawa. Nilikunywa magi.

Na sikunywa peke yangu. Hili ndo linanichosha kusema, lakini ndo sababu ya kukuita ukae.

Tatu hakuwa na ugonjwa wowote. Nilimkuta anapanga madera nikamwekea magi yake juu ya kiti.

"Nini hiki? Kinanuka kama kiatu cha askari."

"Kunywa. Kinaotesha ini."

"Langu lilikatwa lini?"

"Uzee unakata kila kitu. Hutaki kuota?"

Akanywa huku kashika pua, akanitukania ukoo mzima, na kesho yake akanywa tena. Mie nikimpenda mtu siwezi kula kitu peke yangu. Hata dawa. Kwa hiyo tukawa tunakunywa pamoja kila asubuhi, magi kwa magi. Tukajiona tunang'aa, siku za mwanzo. Tatu alisema hata mgongo umeacha kumuuma. Wateja wakauliza siri, nikawa nacheka.

Wiki mbili zikaisha na mizizi ikaisha. Nikaenda kwa Mama Salama, nikakuta duka limefungwa, jirani akasema ameenda kwao kwenye sikukuu yao ya mwaka mpya, atarudi baada ya mwezi. Mwezi! Ini langu lisubiri mwezi? Barabara ya Msimbazi palikuwa na kaka anauza vitu kwenye viroba, tangawizi kavu, maganda, mizizi ya kila namna. Nikamwonyesha kipande kilichobaki. Akachimba kirobani akatoa mingine, si myeusi sana, rangi ya kahawia, akasema ndo hiyohiyo mama, hii imechimbwa karibuni tu. Nikaona afadhali, kitu fresh. Nikabeba mfuko mkubwa.

Ramadhani ikaingia. Mchana sipiki supu mwezi huo, nikawa nyumbani, nafunga, jioni nafuturu kwa magi ya mizizi, daku magi nyingine, na Tatu kwake hivyohivyo. Nikaanza kuchoka tena, nikasema saumu. Chakula kikanichukiza, harufu tu ya kitunguu inanitapisha, nikasema saumu. Nikawashwa. Mwenzangu, kama hujawashwa mwasho wa ini huujui mwasho. Hauko juu ya ngozi, uko ndani ya ngozi, unajikuna mpaka kwa kitana na hufiki. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nikasema sinywi maji mchana. Kila kitu nilikisingizia saumu, saumu masikini haina mdomo wa kujitetea.

Rehema ndo aliyefungua pazia asubuhi moja akasema, "Mama, geuka." Nikageuka. Akaziba mdomo.

Tulienda kwa mwendokasi. Nilipanda pale Gerezani, watu wakanipisha viti viwili vitatu kwa mpigo, si kwa heshima ya uzee, kwa macho yangu yaliyokuwa njano. Msichana mmoja alimvuta mwanawe. Nikakaa nikasema, alhamdulillahi, angalau nimekaa.

Nikalazwa. Dripu mkono wa kushoto, kesho wa kulia, keshokutwa wanatafuta mshipa kama wanatafuta sindano iliyoanguka mchangani. Masika ikaanza nikiwa wodini, mvua inapiga bati usiku na mchana. Mwili wangu ukabadilika nikiuona. Mikono ikawa vijiti, miguu ikavimba, nikibonyeza kidole shimo linabaki. Nilikuwa mwanamke mnene mimi, mnene wa kujivunia. Rehema aliponiogesha alikuwa anaimba ili asitazame.

Daktari wangu wa miwani akaja na karatasi za damu. Akavuta kiti.

"Shikamoo bibi. Kuna kitu kingine unakunywa zaidi ya kidonge? Mitishamba, ya Kichina, ya Kimasai, chochote?"

"Hapana, mwanangu."

Unaona? Limetoka lenyewe. Sisi tumezoea kwamba hospitali na mitishamba ni kama wake wenza, huyu hatajwi mbele ya yule. Ukisema, utafokewa, utaambiwa rudi hukohuko kwa mganga wako. Kila mtu wodini alikuwa na kachupa chini ya mto, na kila mtu alisema hapana. Siku ya tatu akauliza tena, nikasema hapana. Rehema kasimama pale akasema kwa uchungu, "Daktari, mama hanywi kitu, mimi ndo nampikia, si ungebadilisha hicho kidonge?" Daktari akakuna kichwa. Akasema huenda kidonge kimeshindwa, huenda itabidi waingize sindano wachukue kipande cha ini wakitazame. Mwanangu ananitetea kwa uwongo wangu, na mie kimya nimekunja shuka.

Na damu ilikuwa haishuki kwa sababu nilikuwa bado nakunywa.

Tatu alikuwa anakuja kila siku saa za kuona wagonjwa, mchana, amefunga, amebeba chupa ya chai iliyojaa mizizi. Alinifuata kutoka Gerezani mpaka hospitali na mvua ile. Nesi akimuuliza chupa ina nini, anajibu, "Uji wa mchele, mwanangu, mgonjwa hana meno." Mie na meno yangu yote! Nesi akishapita, Tatu anashusha sauti, "Kunywa Chiku, nimeichemsha tangu alfajiri, maji ya kwanza kama ulivyonifundisha." Nakunywa. Nakwambia yule alinipenda. Nisingekuwa na rafiki mzuri namna ile ningepona mapema.

Siku hiyo ninayotaka kukuambia mvua ilikatika mchana. Jua likaingia dirishani likapiga vitanda vya upande wangu. Tatu akaja, akakaa kitandani, akaanza umbea wa Kariakoo, nani kahama fremu, nani kaongeza mke. Akainua uso kucheka. Jua likampiga machoni.

Yalikuwa ya njano. Yale meupe yote, njano kama ganda la ndizi. Na alikuwa anajikuna kiwiko huku anaongea, anajikuna bila kujua.

"Tatu, unawashwa?"

"Aah, hizi mvua, mbu. Na saumu mwaka huu imenipiga, hata chakula sitaki." Akafungua chupa. "Kunywa kabla yule nesi hajarudi."

Nilikuwa sijanyanyuka mwenyewe siku kumi. Nikanyanyuka. Nikampokonya ile chupa nikaimwaga pale chini, sakafu ikawa nyeusi, nikapiga kelele, "Daktari! Jamani niitieni daktari!" Wodi nzima ikaamka. Tatu akadhani nimepagawa, akaanza kunisomea Ayatul Kursi kichwani.

Daktari akaja mbio, na Rehema nyuma yake ametoka kuchota maji. Nikasema yote. Mizizi, magi, kirobani Msimbazi, maji ya kwanza, uji wa mchele. Nikasema, "Na huyu mtazame macho. Huyu hakuwa na ugonjwa. Mie ndo nilimnywesha."

Niliogopa kufokewa. Yule binti hakufoka. Alikaa chini kwenye kitanda kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Ahsante bibi." Halafu akamgeukia Tatu, akamshika mkono, akasema, "Shikamoo mama. Wewe leo hurudi nyumbani."

Rehema ndo alifoka. Si kwa sauti, afadhali ingekuwa sauti. Alisema, "Nimemwomba daktari abadilishe dawa, mama. Nimemwapia Mungu mbele yako." Nikaanza kusema, mwanangu, si unajua mficha maradhi... "Usinimalizie methali," akasema. Siku nne hakunisemesha. Aliniogesha, alinilisha, alinibadilisha shuka, na hakunisemesha. Sasa hivi anaandika haya na ameinamisha kichwa, hataki nimwone uso. Andika, mwanangu, andika tu.

Tatu wakamlaza vitanda viwili kutoka kwangu. Iddi ilitukuta wote humo. Nesi mmoja alituletea tambi na kipande cha mkate wa kumimina kutoka kwao, akatugawia watu sita kwa kijiko kimoja, na ile Iddi siisahau kwa utamu. Lakini Tatu alikuwa kageukia ukutani. Nilipomwita, Tatu, Iddi mubaraka, alisema maneno yake ya mwisho kwangu kwa miezi mingi. Hakugeuka.

"Mimi sikuwa mgonjwa, Chiku."

Basi.

Mie nilipoacha mizizi, damu yangu ikaanza kushuka ndani ya siku chache. Yeye ilichelewa. Daktari alisema huwezi kujua, mwili wa huyu na wa yule. Nikamuuliza ile mizizi basi ilikuwa na nini, inaotesha au inaua? Akasema, "Bibi, wenzetu wanaichunguza. Kuna mimea inaonekana inalisaidia ini kuota, kuna inayolichoma, na kuna inayofanya hili ikipikwa hivi na lile ikipikwa vile. Mimi sijui ya kwako ni ipi. Ndiyo maana nauliza." Sikuelewa yote lakini hilo la kupika nililielewa kuliko yeye.

Nilipotoka, mwezi wa sita, kipupwe kimeingia, nilimwomba Rehema anisindikize kwa Mama Salama na kipande cha ile mizizi ya kirobani. Alikuwa amerudi. Alinitazama nilivyokonda, hakusema salama. Akakivunja kile kipande, akanusa, akagonga meza.

"Hii si niliyokupa. Yangu nyeusi, imepikwa siku nyingi na maharage meusi ndo ikauzwa. Hii mbichi! Hata kwetu mtu hanywi hii ovyo." Akanigeukia. "Na yangu, maji ya kwanza ulimwaga?"

Nikatazama chini.

"Bibi, siku ile mimi niliongea Kiswahili au niliongea Kichina?"

"Kiswahili."

"Wiki mbili nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

Akakaa. Akashika kichwa. Akasema hataniuzia tena kitu, hata chai, na yeye mwenyewe kuanzia siku hiyo mtu mwenye ugonjwa wa ini akija atamwambia alete kwanza karatasi ya daktari. Nilimwelewa. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye atakosa usingizi kwa kosa la mwingine.

Kwa hiyo wewe ninayekuambia, sikukatazi dawa ya mtu yeyote, ya Mchina wala ya bibi yako. Mie nani? Nakuomba moja. Unachokiweka mdomoni kitaje. Kitaje kwa daktari akikuuliza, na asipouliza kitaje vilevile. Utaona aibu dakika moja. Na usimpe mwenzio. Hilo la pili ndo zito kwa watu kama sisi, maana kwetu anayekula peke yake ni mchoyo.

Miezi ile ya kipupwe ilikuwa mirefu. Ini linaota lakini halikwambii, husikii kitu, unalala tu unaamka umechoka. Kliniki kila wiki mbili, halafu kila mwezi. Macho yalianza kusafika pembeni, kisha katikati. Mwasho ulipokatika niliamka asubuhi nikakaa kitandani nikingoja urudi, haukurudi. Chakula cha kwanza nilichokitamani kilikuwa samaki changu wa kukaanga, wa soko la Feri, na Rehema akaenda kumfuata mwenyewe, akamchagua, akarudi ananuka samaki na anacheka. Ndo tulipatana hapo, juu ya samaki, bila kuombana radhi. Watu walikuja kuniambia nile maini ya ng'ombe ili yaongeze ini. Nilimuuliza daktari, nilishajifunza kuuliza. Alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini kwa Tatu sikuwa na pa kupita. Nilituma watu watatu, walirudi na salamu tupu. Meza yake ya madera ilikaa imefunikwa turubai mpaka mwezi wa nane. Nilirudi kupika supu siku mbili kwa wiki, na kila nikigeuka ubavuni naona turubai. Nikatuma Rehema aulize vipimo vyake tu, asiseme nimemtuma. Akasema, macho bado. Mwezi uliofuata, macho bado kidogo. Nililala na hilo kila siku. Mie mgonjwa wa zamani nimesafika, yeye mzima wangu nimemtia njano.

Vuli ikarudi. Juzi nimeenda kliniki, namba kumi na tisa, benchi lilelile la kung'aa. Nimekaa nasinzia. Mtu akaja akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Nikasikia harufu ya udi ninayoijua. Sikugeuka haraka, niliogopa. Nikageuka polepole.

Macho meupe. Amekonda, dera linamning'inia, lakini macho meupe kabisa.

"Namba ngapi?" nikamuuliza. Sauti ilinitoka kama ya kuku.

"Ishirini na mbili. Nilishaingia mwezi uliopita, wamesema ini limerudi sawa, leo wanahakikisha tu."

"Alhamdulillahi." Nikataka kusema mengine, nikasema, "Tatu, nisamehe."

Tatu akanyoosha mguu, akaupapasa. Tukatazama ukuta. Ikaitwa namba kumi na tano, mtu akaingia. Ikaitwa kumi na sita. Mama mmoja akapita na mtoto analia. Tatu akapapasa mguu tena.

"Na haya magoti sasa," akasema, kama anauambia ukuta. "Tangu mvua zianze hata ngazi siwezi."

Mwenzangu, mie najua dawa saba za magoti. Ya mafuta ya mbuni, ya tangawizi na mkaratusi, ya jani la mbarika lililopashwa moto, zote najua zinavyopikwa na nani anaziuza. Zilinijaa mdomoni zote saba kwa pamoja. Nikafunga mdomo.

"Pole," nikasema.

Akangoja. Nikatazama mikono yangu.

"Pole tu? Huna lingine?"

"Sina. Muulize daktari ukiingia."

Tatu akanigeukia, akaniangalia uso mzima, kwa muda mrefu, kama anayekagua kitambaa.

"Basi kweli uliumwa," akasema, akanisogelea.